Mzee wa chupa juu ya paa: jamaa aliyetaka kupika mafuta kwa jua

Ukitoka huku kwetu Migori kwenda Homa Bay kwa matatu, unapita karibu kila aina ya moto tunaoutegemea. Mashambani kuna mabanda ya kukaushia tumbaku, na hayo hula kuni kama hayana akili. Awendo unaona bomba la kiwanda cha sukari likitoa moshi. Ukifika Rongo, magunia ya makaa yamesimama kando ya barabara kama abiria waliochelewa. Halafu unashuka Homa Bay, unatembea hadi ufuoni, na unakuta akina mama wameanika omena juu ya nyavu. Hakuna kuni hapo, hakuna makaa. Ni jua tu, na jua halina bili.

Shida inaanza omena wakishakauka, manake kuwapika lazima urudi kwa makaa. Dani wangu, nyanya mzaa mama, ana jua la kumchoma kisogo mchana kutwa, lakini saa mbili usiku analipa pesa ya mkebe wa makaa. Jua la mchana hatuwezi kulimimina kwenye jerikani tukalitumia usiku. Sola inasaidia, ndiyo, taa inawaka na simu inajaa chaji. Kupika sufuria ya nyoyo masaa matatu ni stori nyingine.

Kuna msee aliyekwama hapohapo zaidi ya miaka 110 iliyopita, na badala ya kulalamika akapanda juu ya paa na chupa zake. Anaitwa Giacomo Ciamician. Litamke Chamichan. Wanakemia wanamjua vizuri na wengine wanamwita baba wa kemia ya mwanga. Huku mtaani hakuna anayemjua, ndiyo maana naandika.

Alizaliwa tarehe 27 Agosti 1857 mjini Trieste, mji wa bandari ambao leo uko Italia lakini wakati huo ulikuwa chini ya himaya ya Austria. Ukoo wake ulikuwa wa Waarmenia waliotoka Istanbul. Kwa hivyo kwa damu alikuwa Mwarmenia, kwa karatasi Mwaustria, na baadaye kwa kazi na kwa mapenzi akawa Mtaliano kabisa.

Akaenda Vienna kusoma kemia. Akasoma kweli, akafanya utafiti, akaanza hata kuchapisha. Kisha akagonga ukuta. Vienna walitaka mtu anayepewa udaktari awe amepitia shule ya sekondari ya aina fulani, ile ya Kilatini na Kigiriki, na yeye alikuwa amepitia ya kiufundi. Kichwa kilikuwepo, karatasi haikuwepo. Ikabidi aende Giessen, Ujerumani, na huko ndiko alikopewa udaktari wake mwaka 1880.

Hapa nilisimama kidogo niliposoma. Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili, na sababu zangu si za kishujaa: karo, na uvivu kidogo. Kwa hivyo sitajilinganisha naye. Ila kila mtu aliyewahi kuambiwa kwenye dirisha la ofisi kwamba fomu yake si ile, anajua jamaa alihisi nini.

Kutoka Giessen alielekea Roma kuwa msaidizi wa Stanislao Cannizzaro, aliyekuwa tayari mkubwa wa kemia Ulaya. Huko Ciamician alijichimbia kwenye kitu kinachoitwa piroli. Ni pete ndogo ya atomu, nne za kaboni na moja ya nitrojeni. Inaonekana si kitu, lakini pete za aina hiyo ndizo zinazojenga klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, na pia himu inayofanya damu yako iwe nyekundu. Aliifanyia kazi miaka mingi, na hiyo ndiyo iliyompa jina kwanza. Hadi leo kuna badiliko moja la kikemia la mwaka 1881 linalobeba jina lake na la mwenzake Dennstedt.

Roma pia ndiko alikokutana na Paul Silber, Mjerumani. Ukiwahi kuwa na rafiki wa kazi, yule ambaye mnaelewana bila maneno mengi, basi hao ndio walikuwa. Walifanya kazi pamoja zaidi ya miaka 30.

Mwaka 1886 wakiwa Roma walianza kujaribu kitu kilichoonekana kama mchezo: kuweka kemikali kwenye jua na kungoja. Wakaona jua linabadilisha vitu. Mwanakemia mwingine, Klinger wa Ujerumani, alikuwa kwenye njia ileile, na wao wakampisha. Leo watu wanapigana mtandaoni juu ya nani alianza dansi gani, lakini hawa waliweka chupa chini wakaenda kufanya mambo mengine. Mwaka 1887 Ciamician akawa profesa Padova, na 1889 akahamia Bologna, ambako alikaa hadi kufa. Mwaka 1900 ndipo yeye na Silber waliporudi kwenye jua kwa nguvu zote.

Sasa hebu niambie unafikiria maabara ya mwanasayansi mkubwa ilikuwaje. Yake ilikuwa paa. Kuna picha maarufu: mzee amevaa nguo za heshima, amesimama juu ya jengo la taasisi yake Bologna, amezungukwa na chupa. Chupa nyingi ajabu, zimepangwa safu kwa safu kama soda kwenye duka la jumla. Kila moja imezibwa na ndani ina kemikali fulani. Unaiweka asubuhi, na unaweza kuirudia baada ya wiki, au miezi. Hakuna moto chini yake wala stima. Kazi yako ni kuandika siku na kuomba mvua ya mawe isinyeshe.

Walichokipata hakikuwa kidogo. Waliweka kitu kiitwacho benzofenoni pamoja na pombe, jua likavivuruga, na kikatoka kitu kipya ambacho maabara za kawaida zilihitaji dawa kali kukitengeneza. Waliweka kemikali nyingine juani na atomu zake zikajipanga upya zenyewe. Kisa ninachokipenda zaidi ni cha mwaka 1908. Walichukua karvoni, kitu kinachoipa kisibiti harufu yake, wakaiacha kwenye jua la Italia mwaka mzima. Mwaka mzima, wasee! Ilipofunguliwa, molekuli ilikuwa imejikunja na kujifunga yenyewe, umbo ambalo vitabu vya leo vya kemia bado vinalitaja.

Walicheza pia na rangi. Waliziba jua kwa vimiminika vya rangi ili chupa zingine zipate mwanga mwekundu tu na zingine wa buluu. Ule wa upande wa buluu na zambarau ndio uliofanya kazi nyingi. Mwekundu ulikuwa unapasha joto tu na kupita zake. Shikilia hiyo, nitaurudia huo ugomvi wa rangi, manake haujaisha hadi leo.

Kilichokuwa kinamsumbua, naona, ni aibu ya kitaaluma. Wanakemia wa siku zake walijivuna kwa tanuru, asidi na mvuke wa kuua. Halafu kando ya dirisha kuna mmea kwenye kopo, umetulia, kwenye joto la kawaida, unachukua hewa na maji na mwanga na kutengeneza sukari, mafuta, rangi na hata sumu. Bila kelele. Yeye na mwenzake Ciro Ravenna wakaanza kuifuata mimea yenyewe. Waliiingizia mahindi kemikali fulani, na mahindi yakatengeneza salisini, kitu cha mti wa Ulaya ambacho kwa kawaida hakipatikani kwenye mahindi. Wakaingilia tumbaku pia, na nikotini yake ikapanda. Nikisoma hayo nilicheka peke yangu. Mahindi na tumbaku! Huyu mzee angeshushwa hapa Migori asingehitaji kuzoea mazingira.

Mwaka 1910 akafanywa seneta wa Ufalme wa Italia. Miaka miwili baadaye, tarehe 11 Septemba 1912, akasimama New York mbele ya kongamano la nane la kimataifa la kemia ya matumizi, akatoa hotuba iliyochapishwa mwezi huohuo katika jarida la Science. Mada yake ilikuwa kemia ya mwanga ya siku zijazo.

Uelewe 1912 ilikuwa vipi. Makaa ya mawe ndiyo yalikuwa kila kitu. Meli ni makaa, viwanda ni makaa, utajiri wa Uingereza na Ujerumani ni makaa. Huku kwetu Waingereza walikuwa wanaiita sehemu hii South Kavirondo, na reli ilikuwa imefika Kisumu miaka 11 tu kabla. Ukumbi ule ulijaa watu walionenepa kwa makaa. Na Ciamician akawaambia, kwa upole lakini bila kuzunguka, kwamba makaa ni jua la kale lililohifadhiwa ardhini, kwamba wanalila kama urithi, na urithi huisha. Akauliza kwa nini tusitumie jua la leo.

Akaleta hesabu. Dunia wakati huo ilichimba takriban tani bilioni 1.1 za makaa ya mawe kwa mwaka. Yeye akakadiria kwamba kilomita moja ya mraba ya nchi ya joto hupokea kwa siku moja ya saa sita za jua nishati sawa na tani 1,000 za makaa. Kwa nchi ndogo ya kilomita za mraba 10,000, hiyo ni zaidi ya tani bilioni 3 kwa mwaka.

Nilitoa simu nikapiga hesabu ya nyumbani. Migori na Homa Bay zikiunganishwa, bila kuhesabu ziwa, ni kama kilomita za mraba 5,700. Kwa kipimo chake, kaunti hizi mbili hupokea nishati ya takriban tani bilioni 2 za makaa kila mwaka. Namba aliyotumia ya ukali wa jua ilikuwa juu kuliko tunayotumia leo, sawa. Kata theluthi nzima. Bado jua la hizi kaunti mbili linashinda makaa yote ambayo dunia nzima ilichimba mwaka ule. Na dani bado ananunua mkebe.

Katika hotuba hiyohiyo aliwachorea picha ya majangwa yenye viwanda visivyo na moshi wala mabomba, misitu ya mirija ya vioo, na ndani ya vioo hivyo kazi ambayo hadi hapo ilikuwa siri ya majani. Akasema pia kitu ambacho ndicho hasa kilichonifanya nimtafute: kwamba kwa vichocheo vinavyofaa, ingewezekana kuchukua maji na hewa ya ukaa, kuviweka kwenye mwanga, na kupata oksijeni na methani. Methani ni gesi ya kupikia. Alikuwa anazungumzia kupika gesi kutoka kwa moshi.

Sitamsafisha kupita kiasi. Alipozungumzia nchi za joto, alizungumza kama Mzungu wa 1912: ustaarabu ungekuja kuziteka nchi hizo na kurudi ulikozaliwa. Jua alilihesabu vizuri, watu waliokaa chini ya hilo jua hakuwahesabu. Lakini pia ni yeye aliyeona, kabla ya wengi, kwamba kama nishati itatoka kwa jua basi uzito wa dunia utahama kuja pande zetu. Hilo halijatokea. Sijui kama litatokea bila sisi kuwa na hivyo vichocheo mikononi.

Na kwa nini halijatokea? Kwa sababu aliloomba ni gumu vibaya. Hewa ya ukaa ni jivu la moto. Ukichoma makaa, gesi, petroli au kuni, inayobaki hewani ni hiyo. Kuigeuza iwe mafuta tena ni kama kuchukua jivu la jikoni uambiwe ulirudishe liwe gogo. Inawezekana, mti hufanya hivyo kila siku, lakini unalipa nishati yote uliyoipata ulipochoma, na zaidi. Ndiyo maana jua linatakiwa, na ndiyo maana kichocheo kinatakiwa: kitu kinachopokea mwanga na kuusukuma kwenye kazi bila chenyewe kuliwa.

Ciamician hakukipata. Hatua kubwa ilikuja nusu karne baada ya kifo chake. Mwaka 1972, Wajapani wawili, Akira Fujishima na Kenichi Honda, walionyesha kwamba titani dayoksaidi ikimulikwa inaweza kusaidia kuvunja maji kuwa haidrojeni na oksijeni. Hiyo titani dayoksaidi si kitu cha ajabu, ni ule weupe ulio kwenye rangi ya ukuta. Mwaka 1979 kundi lao likaripoti kwamba unga wa vitu vya namna hiyo, ukitiwa kwenye maji yenye hewa ya ukaa na kumulikwa, unatoa methanoli na methani kidogo. Kidogo sana. Lakini ilikuwa ile ndoto ya New York, ndani ya chupa.

Kinachotokea ni hivi. Mwanga ukigonga chembe ya unga, elektroni inaruka na kuacha nafasi tupu nyuma yake. Elektroni inatakiwa iende kwa hewa ya ukaa, ile nafasi ichukue elektroni kutoka kwa maji. Shida ya kwanza: wawili hao wanapenda kurudiana, na wakirudiana kabla ya kazi, mwanga wako umegeuka joto tu. Ya pili ni ugomvi wa rangi niliokuambia uushikilie. Titani dayoksaidi inakubali tu ule mwanga mkali wa zambarau usioonekana, ambao ni kama asilimia 5 ya jua. Asilimia 95 inapita kama matatu iliyojaa. Halafu hata elektroni zikitoka salama, nyingi hukimbilia kutengeneza haidrojeni kutoka kwa maji, kwa sababu ni rahisi kuliko kuikunja hewa ya ukaa. Na kinachotoka ni mchanganyiko, kidogo mno kiasi kwamba uchafu wa kaboni kwenye chombo umewahi kuwadanganya watafiti wakadhani wamefaulu. Sasa mtafiti makini hutumia hewa ya ukaa yenye kaboni nzito, ile ya 13, ili aone kama kaboni iliyo kwenye mafuta ndiyo ileile aliyoingiza.

Maabara za dunia sasa zinahangaika na hayo moja moja. Wengine wanatia nitrojeni kwenye ule weupe ili ukubali mwanga wa kawaida. Wengine wanapachika vitone vya shaba juu yake ili elektroni zipate pa kutua. Wengine wanaunganisha vitu viwili, kimoja kinampokeza mwenzake kama mbio za kupokezana kijiti, ili wale wawili wasirudiane. Kuna pia unga wa manjano wa kaboni na nitrojeni ambao tangu 2009 umevuta macho ya wengi, na unaweza kuupika kwa kuchoma urea. Urea, mbolea ileile ya shamba! Na madini ya titani tulikuwa nayo hapahapa Kenya: mgodi wa Kwale ulichimba ilmenaiti na rutaili, na rutaili ni titani dayoksaidi yenyewe, yakapakiwa Mombasa kwenda nje zaidi ya miaka 10 hadi uchimbaji ulipofungwa Desemba 2024. Hiyo naiacha hapo, ina hasira zake.

Turudi kwa mzee. Baada ya New York hakuwa na miaka mingi ya amani. Vita vikaja 1914, Italia ikaingia 1915 upande usio wa Ujerumani, na ule urafiki wa miaka 30 na Silber ukakatwa na mpaka. Kazi yao ya pamoja ya mwanga iliishia hapo. Wakati huohuo mafuta ya petroli yalikuwa yanapanda, ya bei rahisi, na hakuna mfanyabiashara aliyetaka kungoja chupa mwaka mzima juu ya paa. Watu walipendekeza jina lake kwa tuzo ya Nobel mara tisa, na mara tisa ikaenda kwa wengine. Alikuwa pia kwenye baraza la jiji la Bologna, akaendelea kufundisha. Akafa tarehe 2 Januari 1922, akiwa na miaka 64. Silber alifariki miaka 10 baadaye. Idara ya kemia pale Bologna ilipewa jina la Ciamician.

Ile picha yake ya paani nimeiweka kwenye uso wa simu yangu. Juzi nikiwa ufuoni Homa Bay, mama mmoja aliyekuwa anageuza omena aliiona nilipompa simu aangalie saa. Akaitazama muda, zile chupa zote, yule mzee katikati, jua limempiga usoni. Akaniuliza, kijana wangu, huyu mzungu anauza nini. Nikamwambia hauzi, anaanika. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, akarudi kwa omena wake, manake mawingu yalikuwa yanakuja kutoka upande wa Rusinga.